6.5 Creedmoor, .308 au .300 Win Mag: uchukue ipi kwa kulungu wa mbali?

Shemeji yangu wa Omaha alinitumia picha mbili kwa WhatsApp akiwa bado amesimama dukani. Ya kwanza bunduki ya .300 Winchester Magnum, ya pili 6.5 Creedmoor, bei zimepishana dola 50 tu. Chini yake ameandika: "Shem, nichukue ipi? Nataka kumpiga kulungu akiwa mbali kabisa." Nikamjibu: utakuwa umekaa wapi?

Akaona namzungusha. Simzungushi. Nimewinda Nebraska misimu tisa sasa, na pesa nilizopoteza mwanzoni zote zilipotea kwa sababu nilinunua bunduki kabla ya kujua nitakaa wapi na nitalenga nini. Kwa hiyo nimekaa nikamwandikia kwa urefu, na haya ndiyo niliyomwandikia, nikiongeza mawili matatu kwa ajili ya wengine mnaoniuliza swali hilohilo kila Oktoba.

Tuelewane kwanza kuhusu mnyama. Kulungu ninayemsema ni yule wa Marekani mwenye mkia mweupe kwa ndani, anaouinua kama leso akishtuka. Kulungu wetu wa vichakani Afrika Mashariki ni mwingine kabisa, hata ukoo si mmoja. Huyu ni wa jamii ya ayala wa Zaburi: dume hudondosha pembe zake kila mwaka na kuotesha mpya. Na kwa ndugu zangu Wakenya, najua neno "mwindaji" linavyotupiga masikioni. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hiyo wengi wetu tulikua tukijua majangili tu. Huku kuna leseni, kuna msimu, kuna kibali cha kumfunga mnyama. Kodi ya bunduki na risasi, asilimia 11 kwa bunduki ndefu, inakwenda kwenye uhifadhi wa wanyamapori tangu sheria ya mwaka 1937. Lala usingizi.

Dungu la msituni na kilima cha majani

Kuna uwindaji wa aina mbili, na watu wanauchanganya kwa sababu wote unatumia bunduki yenye darubini.

Wa kwanza ni wa dungu. Unapanda mtini au kwenye kichanja pembeni mwa shamba la mahindi lililovunwa, unakaa kimya kama mtoto anayelinda mpunga dhidi ya ndege, kulungu anapita kwenye njia yake ya kila siku yadi 60, 80, labda 120 kutoka ulipo. (Yadi 100 ni kama mita 91.) Wisconsin, Michigan, Pennsylvania, misitu ya mashariki yote ni hivi. Hapo bunduki yoyote kwenye ukuta wa lile duka inatosha, na anayekuuzia ya masafa marefu anakuuzia lori la kubebea mkate.

Wa pili ni wa nchi ya wazi: Sandhills za hapa Nebraska, vilima vya mchanga vilivyofunikwa majani ambavyo vimemeza karibu robo ya jimbo, South Dakota, Kansas magharibi, njia ndefu zilizofyekwa kwenye vichaka vya Texas kusini. Unalala juu ya kilima, kulungu anatoka bondeni kwenye miti ya kando ya mto, yuko yadi 300, na kati yenu hakuna hata kichaka cha kujificha mbuzi. Hapa ndipo swali la shemeji linapata maana.

Lakini angalia tofauti nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Kwenye dungu, ukipiga, unashuka na baada ya muda mfupi uko juu ya mnyama. Kwenye kilima, kutoka yadi 400, unatembea dakika tano hadi kumi kupanda na kushuka, na mahali aliposimama panaonekana sawa na mahali pengine popote ukifika. Rafiki yangu mmoja, Mwislamu wa Mombasa, anasoma bismillahi anapofyatua na anataka kumuwahi mnyama akiwa bado na uhai ili amchinje. Kwa sababu hiyo tu ameamua hapigi zaidi ya yadi 100. Masheikh wengi wanaruhusu mnyama aliyeuawa na risasi inayopenya iwapo jina la Mungu limetajwa, lakini yeye roho yake haitulii, na mimi namuelewa. Muulize sheikh wako kabla ya kuuliza muuza bunduki.

Risasi tano, jedwali moja

Kiswahili kina taabu hapa kwa sababu "risasi" ni kitu kizima unachopakia, ni kile kinachoruka, tena ni madini yenyewe. Nitasema "risasi" kwa kitu kizima, "kichwa" kwa kinachoruka na "ganda" kwa shaba inayobaki.

Namba hizi nimezikadiria kwa risasi za dukani zenye kichwa kirefu cha kisasa, darubini ikiwa imewekwa ziro kwenye yadi 200, yaani risasi inagonga pale unapolenga ukiwa yadi 200. Mtutu wako utasema yake, ila haitakuwa mbali sana na hizi.

| | Uzito wa kichwa (greni) | Mwendo mtutuni (futi kwa sekunde) | Mshuko kwenye yadi 400 | Kusukumwa na upepo wa ubavuni wa maili 10 kwa saa, yadi 400 | Nguvu iliyobaki yadi 400 (futi-pauni) |
|---|---|---|---|---|---|
| .243 Winchester | 90 | 3,150 | inchi 18 | inchi 12 | 1,000 hivi |
| 6.5 Creedmoor | 143 | 2,700 | inchi 23 | inchi 9 | 1,475 |
| .270 Winchester | 145 | 2,970 | inchi 19 | inchi 9 na nusu | 1,700 |
| .308 Winchester | 178 | 2,600 | inchi 25 | inchi 11 | 1,600 |
| .300 Win Mag | 200 | 2,850 | inchi 20 | inchi 9 | 2,280 |

Safu ya mshuko ndiyo wanaume wanayobishania kwenye nyama choma. Mimi nakuomba uipuuze. Mshuko haubadiliki: ukijua umbali, unajua mshuko, na kipima umbali cha leza kinakupa umbali kwa kubonyeza kitufe. Inchi 18 au 25, darubini inazungushwa, kazi imekwisha. Macho yako yawe kwenye safu ya upepo.

Sasa tazama 6.5 Creedmoor na .300 Win Mag kwenye safu hiyo. Inchi 9 na inchi 9. Hiyo Magnum inayochoma baruti nyingi karibu mara mbili, inayokupiga teke begani zaidi ya mara mbili kwa bunduki za uzito mmoja, haikupi chochote dhidi ya upepo kwa umbali huu. Inakupa nguvu ya ziada ya kumgonga mnyama. Je, kulungu anaihitaji? Dume zuri la hapa lina kilo 90 hadi 110 akiwa hai. Nebraska inataka risasi yenye futi-pauni 900 kwenye yadi 100 kwa kulungu, 6.5 bado ina zaidi ya hizo ikiwa imeshafika yadi 400. Kama mwaka kesho unapanga kwenda Wyoming kumfuata elki, ayala mkubwa wa kilo 300, sawa, .300 ina hoja. Kwa kulungu peke yake unanunua maumivu.

Maumivu hayo yana gharama. Mtu anayepigwa teke huanza kufumba jicho na kukaza bega kabla ya kufyatua, na hajijui. Nimewahi kumpa jamaa bunduki yake mwenyewe ya .300 bila kumwambia kwamba chumba hakina risasi. Aliposhika kifyatulio, mtutu uliruka chini inchi nzima, na bunduki ilikuwa tupu. Tulicheka sana, yeye alicheka kidogo. Kuna kifaa cha mdomoni mwa mtutu kinachopunguza teke, lakini kelele yake pembeni ni adhabu kwa aliyelala jirani yako. Kiziba sauti ni bora zaidi kwa masikio na kwa teke pia, isipokuwa kinarefusha bunduki na kina makaratasi yake.

.243 ilitoka 1955 na ni bunduki nzuri ya kumfundishia kijana au mtu mwembamba. Teke lake ni kama kusukumwa na mtoto. Ni halali Colorado, ambako kipenyo cha chini kabisa cha risasi ya kulungu ni inchi .24, kwa hiyo inapita kwa kuchungulia. Lakini tazama upepo: inchi 12. Kwa yadi 250 naipenda, zaidi ya hapo naiweka chini.

.270 ni ya mwaka 1925, ina miaka mia moja na bado inakula nyama. Kama baba mkwe wako Mmarekani amekuachia moja, usiiuze. Tatizo lake dogo ni kwamba mitutu mingi ya .270 imechongwa ndani mifereji inayokizungusha kichwa polepole, haivitulizi vizuri vile vichwa virefu sana vya masafa marefu. Kwa vichwa vya kawaida, hadi yadi 400, hutajua tofauti.

Zinabaki mbili ambazo kwa kweli ndizo zinazoshindana: 6.5 Creedmoor na .308.

.308 ilianza kuuzwa 1952, na ndugu yake wa kijeshi 7.62×51 akawa wa NATO miaka miwili baadaye. Faida yake ni kwamba iko kila mahali. Unaingia duka la vifaa vya shamba kwenye mji wa watu 400, saa kumi na moja alfajiri, umesahau risasi nyumbani, mzee wa kaunta atakuwa nayo. Mtutu wake unakaa miaka. Bunduki za mitumba za .308 ni nyingi na nyingine hazijapigwa hata visanduku vitatu. Kichwa chake kinene kinatoboa tundu linalovuja damu vizuri, na anayefuata damu kwenye majani makavu jioni anajua thamani ya hilo.

6.5 Creedmoor ilitoka 2007 kwa kampuni ya Hornady, na ilibuniwa kwa ajili ya watu wa kulenga shabaha mashindanoni, si wawindaji. Ndiyo maana kila kitu ndani yake kimepangwa kwa kichwa kirefu chembamba kinachopasua hewa: ganda fupi, nafasi ya kichwa kujitokeza, mtutu wenye mizunguko ya haraka. Teke lake ni pungufu ya la .308 kwa kiasi ambacho bega linakisikia, na kwa sababu hiyo unaweza kuona kupitia darubini risasi yako imegonga wapi. Hilo ndilo jambo lililonifanya nihame. Kwa .308 nilikuwa napiga, darubini inaruka mawinguni, nikirudi kulungu hayupo, sijui kama nimempata au nimepiga mchanga. Kwa 6.5 naona manyoya yakitimka. Naona alivyoinama. Naona amekimbilia upande gani.

Uamuzi wangu, basi: ukikaa nchi ya wazi na ukakubali kufanya mazoezi, 6.5 Creedmoor. Ukikaa msituni, au ukiwa na bajeti ya mitumba, .308 wala usijutie. Kwa kulungu wa yadi 200, mnyama mwenyewe hawezi kukutajia tofauti.

Inchi nane

Mapafu na moyo wa kulungu, ukimtazama ubavuni nyuma tu ya mguu wa mbele, vinakaa ndani ya duara la inchi 8. Chukua kisahani cha upana huo, ukipachike hapo. Huo ndio mlango wako. Ukilenga katikati, una inchi 4 za kukosea kila upande.

Rudi kwenye jedwali. Kwa 6.5, upepo wa maili 10 unasukuma inchi 9 kwenye yadi 400. Kwa hiyo ukidhani upepo ni maili 10 kumbe ni 15, umeshamaliza inchi zako zote, na hapo nimechukulia kwamba mkono wako haukutetemeka hata kidogo. Kwenye yadi 500 upepo uleule unasukuma inchi 15. Hakuna bunduki kwenye duka lile inayosoma upepo.

Niliyajua haya kwa kusoma. Nikayajua tena kwa njia nyingine. Msimu wangu wa tatu, Novemba, siku za kupandana, madume yamepagawa yanatembea mchana kweupe. Nilikuwa nimelala juu ya kilima kaskazini ya mto, kipima umbali kikasema yadi 410. Upepo shavuni mwangu ulikuwa wa kubembeleza. Majani ya karibu yalikuwa yakiinama taratibu. Nikalenga inchi 4 upande wa upepo. Ambacho sikukitazama ni bonde lenyewe: chini kule, katikati ya safari ya risasi, upepo ulikuwa unapita kama kwenye mfereji, na vichwa vya nyasi ndefu vilikuwa vimelala kabisa. Nilivitazama baadaye. Nilifyatua, na yeye akachukua hatua moja.

Hatua moja. Risasi ya 6.5 inachukua karibu nusu sekunde kufika yadi 400. Kulungu anayetembea polepole tu anasogea zaidi ya futi mbili kwa muda huo. Upepo ukaongeza wake, na risasi ikamwingia mwisho wa mbavu.

Alikunja mgongo akaondoka kwa kutembea, na mgongo uliokunjwa ni habari mbaya. Nikasubiri kwa muda wa saa nne juu ya kilima kile kwa baridi, maana ukimfuata mapema unamsukuma anaenda maili tatu. Damu niliyoikuta ilikuwa nyeusi, imechanganyika na majani yaliyotafunwa. Nilimpata saa moja kabla ya giza, amelala kwenye matete, akanitazama. Nikammaliza. Nilipompasua, matumbo yalikuwa yamemwagika ndani, nikatupa nyama ya kiasi cha familia kula mwezi mzima. Sarara tu ndizo zilizopona.

Tangu siku ile nina kanuni mbili: simpigi anayetembea akiwa zaidi ya yadi 200, na mwisho wangu ni yadi 350, upepo ukiwa mtulivu. Ukipita maili 10, mwisho ni 250. Watu wa uwanjani wananicheka, wana video za yadi 800. Boone and Crockett Club, chama cha wawindaji kilichoanzishwa 1887 na Theodore Roosevelt na wenzake, kinasema suala ni nia kuliko yadi: kama lengo lako ni kujaribu vifaa uone unaweza kugonga umbali gani kwenye mnyama aliye hai, huwindi. Nakubaliana nao. Chuma cha kulenga kwenye yadi 800 kinauzwa, hakina matumbo.

Kichwa cha madini ya risasi au cha shaba

Hapa Kiswahili kinachekesha: kuna risasi isiyo na risasi. Vichwa vya kawaida vina madini ya risasi ndani ya koti la shaba. Vikigonga vinatanuka na kumeguka, na vipande vidogo visivyoonekana kwa macho vinatawanyika nyamani mbali na tundu. California imekataza kabisa risasi zenye madini hayo kwa uwindaji tangu Julai 2019. Vichwa vya shaba tupu havimeguki, vinapenya moja kwa moja, na nyama inabaki safi.

Kwa nini basi kila mtu asitumie shaba? Kwa sababu ya umbali. Shaba ni ngumu. Vichwa vingi vya shaba vinataka kufika vikiwa na mwendo wa karibu futi 2,000 kwa sekunde ndipo vifunguke vizuri, wakati vile laini vya masafa marefu vinafunguka hata kwenye 1,600. Na shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha urefu uleule kina uzito mdogo na upepo unakionea zaidi. Mimi nina watoto wadogo wanaokula nyama hii, na mwisho wangu ni yadi 350, kwa hiyo natumia shaba. Wewe unayeng'ang'ania 450, utalazimika kuchagua laini, halafu ukate na kutupa kipande kikubwa kuzunguka jeraha.

Darubini

Pesa uliyookoa kwa kutonunua Magnum iweke hapa. Makosa ya kawaida ni kununua ukuzaji mkubwa: 5 hadi 25, kwa sababu namba 25 inapendeza. Kulungu hutoka alfajiri na magharibi. Gawa kipenyo cha kioo cha mbele kwa ukuzaji unapata upana wa mwanga unaofika jichoni: kioo cha milimita 50 kwenye ukuzaji wa 25 kinakupa milimita 2, giza. Kioo cha milimita 40 kwenye ukuzaji wa 6 kinakupa karibu 7, kama jicho lenyewe linavyoweza kufunguka. Ile 3–9×40 ya wazee (ukuzaji wa 3 hadi 9, kioo cha milimita 40) bado inaua kulungu wengi. Kwa nchi ya wazi nachukua 3–15 au 4–16, nikiwa naiacha kwenye 6 mpaka nimuone mnyama.

Kuna ubishi wa alama za msalaba zilizowekwa mbele au nyuma ya vioo vya ukuzaji ndani ya darubini. Za mbele zinakua pamoja na picha, kwa hiyo vipimo vyake ni kweli kwenye ukuzaji wowote. Ila ukiwa kwenye 4 ndani ya msitu wenye giza, msalaba unakuwa uzi wa buibui. Za nyuma zinaonekana daima, lakini vipimo ni sahihi kwenye ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa juu kabisa, na ukisahau unapiga pasipo. Kwa anayechanganya dungu na kilima nashauri za nyuma, na mshuko uzungushe kwa kitasa badala ya kuhesabu vistari.

MOA au MIL, vile vipimo viwili vya pembe vya kurekebishia darubini? Chochote anachotumia mwenzako mnayewinda naye, ili akikwambia "kushoto moja" muwe mnaongea lugha moja.

Unalalia nini

Sehemu hii watu huiruka, na ndiyo inayoamua. Kwenye meza ya uwanjani, kifuko cha mchanga chini ya mtutu, kila mtu ni bingwa. Mpeleke mtu huyohuyo akapige amekaa chini, viwiko magotini, anahema baada ya kupanda kilima: kundi lake la inchi 1 kwenye yadi 100 linakuwa inchi 4. Kwenye yadi 300 hiyo ni inchi 12. Kisahani chetu ni inchi 8.

Miguu miwili ya kufunga kwenye bunduki ni mizuri kama unaweza kulala kifudifudi, na Sandhills majani ya futi mbili mara nyingi yatakuziba macho. Miguu mitatu ya kusimama inakuinua juu ya majani, ni mizito kubeba, lakini ukiwa umeketi nyuma yake na begi chini ya kwapa unatulia karibu kama mezani. Mimi nilianza na miwili, sasa nabeba mitatu. Texas kwenye vibanda vya kuwindia huhitaji yoyote, una dirisha.

Kabla hujalipa

Majimbo hayafanani. Ohio, ambako najua ndugu wengi wa Kongo na Burundi wamehamia, haikubali 6.5 wala .308 kwa kulungu. Inataka ganda lililonyooka lisilobanwa shingoni, kama .350 Legend ya 2019 au .450 Bushmaster. Hizo ni za yadi 200 hivi, kwa hiyo huko mjadala wa masafa marefu umeshafungwa na sheria. Nebraska msimu wa bunduki ni siku 9 za Novemba, na lazima uvae rangi ya machungwa inchi za mraba 400 kichwani, kifuani na mgongoni. Hakikisha pia unamjua mnyama: kule magharibi kuna kulungu wa aina nyingine mwenye masikio makubwa kama ya nyumbu wa mizigo (baghala), na baadhi ya vibali vinakuruhusu mwenye mkia mweupe tu. Kwenye yadi 400 machweo, wanafanana kuliko unavyofikiri. Na tazama nyuma yake kuna nini. Risasi hizi zikikosa kilima zinakwenda zaidi ya maili mbili.

La mwisho linawahusu wageni. Mwenye viza ya muda, iwe ya masomo, kazi au matembezi, sheria ya shirikisho inamkataza kuwa na bunduki au risasi, na moja ya njia zinazoruhusiwa ni kuwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Swali hilo utalikuta kwenye Fomu 4473, ile ya kununulia bunduki dukani, na ukilijibu kwa uongo huku unajua ni kosa la jinai. Mwenye kadi ya kijani hazuiwi na kifungu hicho. Kama hali yako iko kati na kati, mpigie wakili wa uhamiaji kwanza, bunduki itakusubiri.

Shemeji alisoma yote, akanyamaza siku mbili. Kisha ikaja picha: .308 ya mitumba, kitako cha mbao kimechubuka, darubini 3–9 juu yake, na kisanduku kimoja cha risasi. Visanduku vingine vitano, amesema, amevinunua kwa pesa iliyobaki. Jumamosi tunakwenda uwanjani. Ameuliza kama aweke nafasi ya meza mapema, maana wikendi zinajaa. Nimemwambia alete mkeka.